Siku Niliyomtaja Zaituni Katika Wageni

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, mwezi wa Mfungo Sita, miaka ile ya soko huria, daraja la Rufiji limekwisha kujengwa na mali za kila namna zinashuka Kibiti bila kuulizwa zimetoka wapi. Nilikuwa nimekaa barazani kwa Mzee Pongwa, muuza saruji na misumari kando ya barabara kuu, nasuka ukili wa mkeka. Mezani, mkono wangu wa kulia, amekaa mdogo wangu Zaituni na laptopu yake nyeusi ya mtumba. Watu saba wanamsubiri. Mimi ananisubiri nani? Nzi.

Hapo sijafika arobaini. Meno yangu yote yalikuwamo kinywani, na wivu wangu wote kifuani.

Zaituni hakuzaliwa na mama yetu. Alizaliwa Nyamisati. Mama yake, Binti Salehe, alifariki siku ya saba, na shangazi yake Mwanakombo akamleta kwetu ndani ya kapu la samaki. Mama yetu, Mwanamkasi binti Ngwale, alikuwa akimnyonyesha mdogo wetu Hamisi, basi Zaituni akapewa ziwa la pili. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kwa sheria ya dini maziwa yale yalikwisha kumfanya ndugu yetu. Hayo nilikuwa nayajua. Kujua si kazi ngumu, mwanangu.

Mimi niliishia darasa la nne. Zaituni alifika kidato cha nne, akaenda Dar kusomea kompyuta, akarudi na mashine. Chanda chema huvikwa pete. Kibiti nzima ikawa Zaituni, Zaituni. Barua ya kijiji, Zaituni. Kadi ya harusi, Zaituni. Picha ndogo za wanakikundi, Zaituni, maana laptopu ile ilikuwa na kijicho cha kupigia picha juu ya kioo chake. Jioni akirudi, mama anamwekea kichwa cha samaki. Kichwa cha samaki nyumbani kwetu kilikuwa changu tangu nina meno ya utoto! Na binti yangu Mwajabu, niliyemzaa mimi kwa uchungu wa siku mbili, akiwa na siri anampelekea mama yake mdogo. Nikiingia chumbani wananyamaza. Moto wa namna hiyo unalala nao, unaamka nao, na hakuna anayeuona moshi.

Basi Jumatano hiyo Zaituni akaanza kucheka peke yake.

"Dada Siwatu, hebu njoo uone maajabu. Mashine yangu inasema jicho lake linachomoka."

"Linachomokaje?"

Akanionesha. Ubavuni mwa laptopu mlikuwa na matundu mawili ya yuesibi, membamba kama tundu la kutumbukizia sarafu. Moja lina waya wa printa, la pili lina flashi ya mteja. Kabla ya kuchomoa flashi, alisema, ni lazima uiage. Unabonyeza alama moja chini pembeni ya kioo, mashine inakuletea orodha ya vitu vinavyoweza kuondoka, unachagua, inakupa ruhusa. Ukichomoa bila kuaga unaweza kuharibu yaliyomo. Nikaona hiyo ni adabu ambayo hata baadhi ya shemeji zetu hawana. Sasa katika orodha ile palikuwa na flashi, na chini ya flashi pakawa na jicho.

"Si limekazwa kwa skrubu ndani ya kifuniko?" nikauliza.

"Ndiyo maana nacheka. Sikiliza, dada. Jicho nalo limeungwa kwa njia ileile ya yuesibi, ila tundu lake liko ndani, hatulioni. Na mashine haina namna ya kujitazama. Ikiamka inasoma maandishi iliyoachiwa na aliyeiunda. Mafundi wa Dar wanayaita bayosi. Humo kila tundu limeelezwa. Hili liko nje, mtu analiona, kitu kinaingia na kutoka. Lile liko ndani, lina kitu chake, hakitoki maisha. Na lile jingine halikuunganishwa na chochote, lipuuze."

"Na la jicho?"

"Aliyeandika amekosea. Ameliandika kama vile liko nje. Mashine imekuta tundu la nje, imekuta kitu kimekaa, imekihesabu mgeni."

"Ukiliaga litatoka?"

"Litoke liende wapi? Litabaki palepale. Ila mashine italiacha. Ukiliita, itakwambia hapa hakuna jicho. Mpaka uizime, uiwashe upya."

Nikarudi kwenye ukili wangu. Maneno yale yalikuwa ya kweli na mazuri, lakini yaliniingia mahali pabaya. Kuna elimu ambayo ukimpa mwenye wivu umempa panga.

Alasiri Zaituni alipokwenda kuswali, nikasogea mezani. Nilikwisha kumwona anavyofanya. Nikabonyeza, nikachagua, nikaliaga jicho. Aliporudi, wanawake tisa wa kikundi cha Bungu wamejipanga barazani na poda zao usoni, wanataka picha. Jicho hakuna.

"Ee, fundi, mashine yako nayo imekwenda msikitini?" akasema mmoja wao, Bi Salima Mketo, na wenziwe wakacheka.

Zaituni jasho likamtoka. Akazima, akawasha, jicho likarudi. Kisha akanitazama mara moja tu. Nikainamia ukili wangu, na moyoni, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile nguo yenyewe nilikuwa mimi.

Jumapili yake yakaja makubwa.

Mwajabu alikuwa amechumbiwa kijiji cha Mkongo, na kijana Seif Kindamba. Wanawake wa kwa mume wakaja kuleta ada. Kwetu ada yenyewe ilikuwa hivi: wanakuja na doti za kanga kapuni, wanauliza, "Tutajieni mama wa ndani." Mama wa ndani ni wale waliomlea bibi harusi: bibi yake, mama yake, mama zake wakubwa na wadogo. Kila mmoja anatajwa kwa jina, anawekewa doti begani. Tangu hapo anajulikana kule mtoto anakokwenda. Akienda kumtazama mzazi, anapokewa ndani, anatandikiwa kitanda. Wengine waliopo ni wageni. Wanawekewa halua kiganjani, wanashukuru, basi. Watu wa kwa mume hawawezi kujua nani ni nani. Wametoka mbali. Wanaamini wanachotajiwa.

Na wa kutaja, nyumbani kwetu, nilikuwa mimi, kwa sababu jina likiniingia halitoki. Hata leo niulize nani alikuwepo uwanjani siku ile, nitakutajia mpaka waliobebwa mgongoni.

Akasimama mkubwa wao, Bi Kuruthumu Kindamba, mwanamke wa mwili na wa maneno, akatua kapu katikati ya mkeka.

"Haya, wenye mtoto! Mama wa ndani!"

Nikaanza. "Mwanamkasi binti Ngwale, bibi yake." Vigelegele. "Siwatu binti Ngayonga, mama yake, ndiye mimi. Mwanaisha binti Ngayonga, mama mkubwa. Tausi binti Ngayonga, mama mdogo. Hadija Pazi, mke wa mjomba wake Hamisi."

Zaituni ametoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko wa pilau mkononi, anasubiri zamu yake. Amejifunga kanga mpya kifuani kwa ajili ya siku ile. Uso unamng'aa. Nikamtazama ule uso, nikaona kichwa cha samaki, nikaona mlango wa chumba cha Mwajabu unaonyamaza nikiingia.

Ulimi hauna mfupa.

"Wa ndani ndio hao," nikasema. "Wageni wetu ni Mama Sofia jirani, Bi Zubeda wa Bungu, na Zaituni wa Nyamisati."

Mama masikio yake yalikuwa yamepungua. Aliona midomo yangu inakwenda, akadhani mambo yamekwenda. Dada zangu walitazama chini. Bi Kuruthumu akamwekea Zaituni halua. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," akasema, akarudi jikoni kupakua. Pilau lilikuwa zuri. Hilo nalo lilinikera.

Asubuhi akaja kuniaga. Laptopu ameifunga ndani ya kanga kuukuu, mkoba begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wapi asubuhi hii?"

"Nyamisati. Wauza boriti wanataka kuandikiwa barua za vibali."

"Unarudi lini? Harusi ni Ijumaa ijayo."

"Mgeni hapangi siku, dada. Si umeniaga jana?"

Akaondoka. Nilidhani nitapumua. Mwanangu, siku ya kwanza nilipumua kweli. Siku ya pili Mwajabu akakataa kusingwa. Liwa imesagwa, manjano yapo, somo wake amefika, mtoto amejifungia. "Atanisinga mama mdogo Zaituni," akasema nyuma ya mlango. "La sivyo nipelekeni Mkongo hivi hivi na vumbi langu." Siku ya tatu nikampelekea mama chakula chake. Akakitazama kichwa cha samaki, akausukuma ule ukungu, sahani yake ya udongo, mbele yangu.

"Chukua. Si hiki ulichokuwa unakitaka?"

Mwajabu alikuwa amekwisha kumweleza, kwa sauti ya juu, neno kwa neno. Nikakaa chini.

"Siwatu, wewe unakumbuka majina ya watu wote."

"Ndiyo, mama."

"Zaituni, jina lake alimpa nani?"

Nikatafuta kichwani. Nilikuwa na jina la shangazi aliyemleta, jina la mama aliyekufa, hata jina la mwenye mtumbwi uliowavusha, Omari Kiswele. Hilo moja sikuwa nalo.

"Mwanakombo alipofika na kapu lake," mama akasema, "mimi nilikataa. Nilimwambia maziwa yangu ni ya Hamisi, apeleke mbele. Akageuka kuondoka. Wewe ulikuwa na miaka sita. Ukashika ukingo wa kapu ukasema, 'Msimpeleke, huyu ni Zaituni, mdogo wangu.' Jina ulilitoa wapi sijui; ukoo wetu wote hauna Zaituni. Mwanakombo akaamini, akamtua chini. Mtoto yule kaingia nyumba hii kwa mdomo wako, na kwa mdomo wako katoka. Sasa kula samaki."

Sikula. Nani angekula?

Kesho yake nikadandia gari la chumvi mpaka Nyamisati. Nikamkuta kwenye banda la makuti karibu na wanakopakia wasafiri wa Mafia, laptopu inakula umeme wa jenereta ya mnunuzi wa kamba wa baharini, wauza boriti wamemzunguka.

"Karibu, mgeni," akasema bila kuinua macho.

Nikakaa juu ya mafungu ya fito. Nikasema nimekosa. Akaendelea kuandika. Nikasema tena. Wale wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwanamume anajua mahali pasipo pake. Mwisho akafunga kifuniko cha mashine.

"Jicho, siku ile ya akina mama wa Bungu, uliliaga wewe?"

"Mimi."

"Nilijua. Nikasema moyoni, afadhali, dada anajifunza kompyuta."

Tukacheka, na katikati ya kicheko nikalia. Aliniacha nilie mpaka niliposhiba.

"Nimekusamehe tangu njiani," akasema. "Lakini kuniambia mimi hakusaidii. Mimi najua niko ndani. Kilichoharibika ni maandishi, na waliosomewa ni watu wa Mkongo. Kesho Mwajabu akijifungua kule, nikaenda kumtazama, wataniuliza wewe nani. Nitalazwa barazani kama muuza vyungu."

"Nifanye nini, mdogo wangu?"

"Mashine ikiwa hivi, dawa ni kuyaandika upya yale maandishi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi ya kwangu sijathubutu. Umeme ukikatika katikati, haiamki tena, na sijaona jenereta ya kuiamini."

"Na mimi je?"

"Wewe huhitaji jenereta. Una mdomo."

Hakuniambia kama atakuja harusini. Na mimi sikuuliza. Sikuwa na uso wa kuuliza.

Ijumaa ikafika. Wanaume wako msikitini, wanawake tumejaa uwanjani, watu wa Mkongo wamekuja kumchukua mtoto. Nikasimama.

"Bi Kuruthumu, nataka kuwatajia upya mama wa ndani."

"Tulikwisha tajiwa."

"Mlitajiwa vibaya."

Akaweka mikono kiunoni. "Loo! Leo anataja upya mama, kesho atatutajia upya baba!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mwanangu, lile lilikuwa neno zito, usilione mzaha. Nyumba isiyojua watu wake hushukiwa hata mtoto wake. Dada Mwanaisha akanivuta kanga, "Kaa chini, unatuaibisha, watamwacha mtoto." Nikataka kukaa. Wallahi nilikwisha kuinama. Ndipo nikakumbuka ule umeme wa kukatika katikati. Nilikwisha kusema wametajiwa vibaya. Nikikaa sasa, hata waliotajwa sawasawa watatiliwa shaka.

"Nicheni... niacheni nimalize," nikasema, na ulimi unanikwama. Nikaanza toka juu. Mwanamkasi. Siwatu. Mwanaisha. Tausi. Hadija. Hakuna kigelegele hata kimoja. "Na Zaituni binti Ngayonga, mama mdogo. Amenyonya ziwa moja na Hamisi. Jina lake nilimpa mimi, na siku ile nilimvua mimi, kwa wivu. Sikutumwa na mtu."

Bi Kuruthumu akashusha mikono kiunoni.

"Na huyo Zaituni mwenyewe yuko wapi?" akauliza Bi Kuruthumu.

Sikujua. Nilikuwa nafungua mdomo kusema sijui, sauti ikatoka dirishani kwa Mwajabu: "Yuko huku tangu alfajiri, ananisinga! Punguzeni kelele!"

Alipita mlango wa uani, kama mtu asiyetajwa. Alikuja kwa ajili ya mtoto, uwanjani asingetoka. Sasa akatoka, mikono yote ya manjano mpaka viwikoni, akasimama palepale aliposimama na mwiko. Bi Kuruthumu akamtazama juu mpaka chini, akapekua kapu lake.

"Doti zimekwisha. Ziligawiwa kwa hesabu yako, Mama Mwajabu."

Basi nikavua ya kwangu begani. Ilikuwa ya zambarau na pindo jeupe, na nilikwisha kuipenda. Nikamwekea Zaituni. Kisha, kwa kuwa ada ni ada, nikanyoosha kiganja. Bi Kuruthumu akakikodolea macho, akachota kipande cha halua, akaniwekea.

"Karibu, mgeni," akasema. Vigelegele vilipasuka hapo hata kuku wakakimbia. Mama, ambaye hakusikia kitu, aliiona kanga ilipo, akapiga cha kwake peke yake wenzake wamekwisha nyamaza.

Nikaila ile halua mbele ya watu. Na nitakwambia ukweli, kwa sababu uwongo wa mzee hauna thawabu: nilipoitazama kanga ile begani kwa Zaituni, nikaona imempendeza kuliko ilivyonipendeza mimi, na moto uleule ukaniwaka.

Laptopu baadaye aliipeleka Dar, fundi akaandika upya ile bayosi, umeme haukukatika, na jicho likatoka katika orodha ya vitu vya kuchomoa. Moyo wangu hauna fundi wa hivyo. Juzi tu Mwajabu alipopata mjukuu wake wa kwanza, simu ya kwanza alimpigia Zaituni. Ya pili ndiyo ikaja kwangu. Nilikaa na ile simu mkononi, mwanangu, bibi kizee mwenye meno manne, nikahesabu dakika alizonitangulia.

Basi nasaha yangu ni hii. Usijidanganye kwamba utauaga wivu siku moja uondoke na mkoba wake. Mwingine unakuja na kuondoka, lakini wa kati ya ndugu na ndugu umekazwa ndani kwa skrubu. Utakuwa nao mpaka kaburini. Jua ulipo. Ukuunguze wewe peke yako. Ila siku unapoulizwa, "Huyu ni nani kwenu?" funga mdomo kwanza, uangalie ni nani anayetaka kujibu, wewe au wivu wako. Maana anayekuuliza hana njia nyingine ya kujua. Atalishika utakalosema, na mtu wako atalazwa barazani au kitandani kwa neno lako. Na kama umekwisha kosea, maji yakimwagika hayazoleki, lakini jina hurudishwa. Lirudishe mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia, utaje toka juu, wakikucheka wakucheke, usikae chini kabla hujamaliza.

Mungu akupe mdomo wa kuwatua watu chini kutoka makapuni, mwanangu, kama aliokuwa nao yule mtoto wa miaka sita. Akupe na ndugu wa kuwaonea wivu, maana nyumba tupu haina wa kuonewa. Na siku watakapotajwa wa ndani, popote utakapokuwa umesimama na mwiko wako, zamu yako ifike. Amin.